Kwa Somo: Nataka kununua Morris aliyokuwa akiitengeneza baba

Assalaam aleikum Somo, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba. Nina miaka 38, nasomesha sayansi skuli ya msingi, nina mume na watoto watatu. Najua barua nyingi unazopata ni za wake wenza, mahari na mawifi. Langu mimi ni gari, na hata sijui kama ni jambo la kumuuliza somo.

Marehemu baba alikuwa fundi. Hakuwa na gereji ya maana. Alikuwa na mwembe, sanduku la spana na jeki moja ya kuazima. Mteja wake wa kudumu alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, mstaafu wa serikali, mwenye Morris Minor ya kijivu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia baba tochi. Nilikuwa na miaka saba, minane hivi. Ninachokikumbuka zaidi ni kimkono cha rangi ya chungwa kilichokuwa kikichomoza ubavuni, nyuma kidogo ya mlango, mzee anapotaka kukata kona. Baba alikuwa akimaliza kazi hunisimamisha nje, yeye ndani abonyeze swichi, nami nipige kelele, "Kimetoka!"

Baba alifariki 2011. Mzee naye alifariki mwaka juzi. Gari liko palepale, chini ya mshelisheli uani kwake, limesimama tangu nikiwa sekondari. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Sasa mtoto wa mwisho wa mzee, ndiye anayeishi hapa, wengine wako Unguja na mmoja Muscat, anataka kuliuza milioni mbili na laki tano. Anasema kuna mtu wa Unguja analitaka kwa ajili ya hoteli ya pwani, alikate paa, alijaze udongo, apande maua mbele ya geti. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Siku niliyokwenda kulitazama alitia ule mpini wa kuzungushia kwa mbele, injini ikazunguka. Akaniambia, "Injini nzima dada, limebaki rangi tu."

Pesa ninazo milioni nne na laki mbili. Nyingi ni za karafuu za mikarafuu niliyorithi kwa mama, nyingine ni upatu. Lakini tulishapanga na mume wangu kwamba pesa hizi ni za kuezeka upande wa pili wa nyumba, ambao hadi leo ni makuti. Masika iliyopita tulilala na ndoo tatu chumbani. Nilipomwambia habari ya gari alinyamaza, akamaliza chai yake, akasema, "Pesa zako, fanya utakavyo." Tangu siku hiyo hajalitaja tena, wala mimi sijathubutu.

Kaka yangu kawa mkali. Anasema gari la marehemu lina nuksi, na mwanamke na grisi wapi na wapi. Mashoga zangu wa skuli wanacheka tu. Mwanangu wa miaka 14 ndiye aliye upande wangu, nimesikia anakwenda kulifuta vumbi bila kutumwa na mtu.

Sijawahi kumiliki gari, Somo. Leseni sina. Ninachotaka ni kulivutia uani kwetu, nilitengeneze mwenyewe jioni na siku za mapumziko, na fundi aje kwa yale mazito. Nikiliacha likapandwa maua najua nitajuta. Nikilinunua naogopa nitakuwa nimeitia nyumba yangu maji, tena kwa maana zote mbili. Nifanyeje?

Binti Fundi, Wete

*

Waaleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Umemwandikia somo anayestahiki. Marehemu mume wangu alikuwa na Morris, ya buluu, tukiishi mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, na kwa miaka mitano nilishika tochi kama wewe. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulikuwa mtoto ukifurahi. Mimi nilikuwa mke nikihesabu pesa. Kwa hiyo nitakusemea pande zote mbili, na yale yaliyonipita nimemuuliza fundi mmoja wa makamo ninayemwamini.

Swali uliloniuliza ni moja, lakini barua yako ina maswali mawili. La kwanza ni kama gari lile linafaa kununuliwa. La pili ni kama wewe unayo ruhusa ya kulitaka. Jibu la kwanza liko chini ya kapeti la gari, tutalifikia. La pili ndilo lililokufanya uandike usiku, nadhani.

Nianze na gari, kwa sababu chuma hakinuni.

Morris Minor ilianza kuuzwa Uingereza 1948 na ikaachwa kutengenezwa 1971, zikiwa zimetoka zaidi ya milioni moja na laki sita. Kimkono chako cha rangi ya chungwa kinatwambia mengi, maana mwaka 1961 waliviondoa wakatia taa za kuwaka na kuzima. Sasa tazama kioo cha mbele. Kikiwa vipande viwili vimegawanywa katikati, ni gari la kabla ya 1956. Kikiwa kimoja, basi ni la baina ya 1956 na 1961, na injini yake ni ya CC 948. Injini za ukoo huo zilitiwa pia kwenye Mini na MG Midget, ndiyo maana spea zake mpaka leo zinatengenezwa huko Uingereza. Hazitakuwa dukani Wete, wala Darajani kule Unguja, lakini zipo duniani, na jamaa anayekuja likizo anaweza kubeba gasketi na ringi za pistoni kwenye begi.

Kwa hiyo injini isikutie hofu, wala isikutie tamaa. Maneno ninayokuomba uyatilie shaka ni yale ya "limebaki rangi tu". Kuzunguka kwa mpini kunamaanisha pistoni hazijagandana na silinda, basi. Jambo zuri, lakini si afya. Kwenye Morris ugonjwa uko kwenye bodi. Land Rover za zamani unazoziona shamba zina chesisi, yaani fremu ya chini, ya chuma peke yake na bodi ya aluminiamu juu yake. Bodi haishiki kutu, na chesisi ikioza unaijua. Morris haina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ikiliwa na kutu, kinachokwisha ni nguvu ya gari, na rangi huja baadaye kufunika msiba. Na gari lako limekaa miaka zaidi ya ishirini chini ya mti unaodondosha majani, kisiwani, kwenye upepo wa chumvi na masika za Pemba.

Nenda tena, asubuhi, bila muuzaji kukusimamia kichwani. Chukua mkeka, tochi, bisibisi butu, na sumaku uliyoifunga kitambaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe utainama kweli. Toa mapambo na kapeti, bonyeza sakafu. Bonyeza ule ukingo mrefu chini ya milango, kwa ndani na kwa nje. Nenda nyuma, pale springi zinapoikamata bodi. Kisha rudi mbele utazame zile boriti mbili zinazobeba injini. Bisibisi ikizama, pameoza. Pale sumaku isiposhika, kuna mtu alishapaka fila, ule uji mzito wa kuzibia bodi, zamani akafunika tundu, na usishangae ukikuta ni mkono wa baba yako mwenyewe. Fundi wa kuchomelea mageti anaweza kukuwekea sakafu mpya vizuri tu. Boriti za mbele ni habari nyingine. Zikichomelewa bila kipimo gari litakwenda upande maisha yake yote, na hizo zikiwa zimekwisha, sikufichi, milioni mbili na nusu ni bei ya kulipia maua.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo fundi wangu alinisisitizia. Pampu kuu ya breki ya gari hilo imefichwa chini ya sakafu ya dereva, mahali pa maji na matope, na breki zote nne zinaitegemea hiyo moja. Usikubali gari liwashwe na kutembezwa hata mtaa mmoja kabla haijafunguliwa. Na magurudumu ya mbele yana maungio ya chini yanayotaka grisi kila mara. Yakiachwa makavu yakalika, siku moja gurudumu hulala chini gari likiwa njiani. La mume wangu lililala Mwanakwerekwe siku ya soko. Hakuumia mtu, ila kiburi.

Ah, na umeme. Morris za enzi hizo waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na ya leo. Mwambie kijana wa umeme kabla hajagusa betri, maana yeye atafunga kwa mazoea.

Sasa karatasi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako. Gari ni la marehemu. Anayeuza ni mtoto mmoja. Wengine wako Unguja, mmoja Muscat. Hukuniambia kama mirathi imeshagawiwa, na nadhani hukuuliza. Kama haijagawiwa, kijana huyo anauza fungu lake pamoja na mafungu ya wenzake. Wewe mtoto wa Kiislamu unajua hilo lina uzito gani, na hata tukiliacha hilo, ofisi ya usajili itataka kujua kadi yenye jina la marehemu imefikaje kwako. Mambo ya mirathi kwetu yana milango yake, Mahkama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Pemba huna haja ya kupanda boti kwa ajili hiyo. Taka uone kadi. Linganisha namba zake na zile za kibati kilichopigwa ndani ya boneti. Taka maandishi yenye saini za warithi wote, huyo wa Muscat akiwemo.

Na hapo mwanangu utagundua kitu. Kama warithi hawajakubaliana, yule mtu wa hoteli naye hawezi kuuziwa kihalali. "Mwisho wa mwezi" ni wa nani basi? Mimi mnunuzi wa Unguja mwenye haraka nimemsikia katika kila biashara ya Pemba, kuanzia mbuzi hadi viwanja. Anaweza kuwa mtu wa kweli, sikatai, na anaweza kulipa pesa taslimu bila kuuliza karatasi, hiyo ndiyo hatari ya kungoja. Lakini umeniandikia kama mtu aliyewekewa saa, na mimi sioni saa hiyo ukutani.

Pesa je? Toa milioni mbili na laki tano kwenye nne na laki mbili, inabaki moja na laki saba. Hiyo ndiyo ya bati, ya fundi wa kuchomelea, ya mipira ya breki, matairi, ushuru wa spea, na ya mambo ambayo hamjayaona bado. Haitoshi kwa yote. Kuna wanaoanza kwa kulifungua gari lote, kila nati, na ndivyo alivyofanya mume wangu. Gari lililofunguliwa hukaa mahali mara tatu ya lililo zima. Letu lilijaa banda la kuku na chini ya kitanda. Baada ya mwaka wa tatu hakuna aliyejua kipi kinaingia wapi, likauzwa kwa vipande. Wengine hulisimamisha kwanza, breki, maji, moto, petroli, likatembea uani, kisha wakashughulika na kiungo kimoja kimoja kila msimu wa karafuu. Njia ya pili ni ya polepole na haina picha nzuri. Unaweza pia kulinunua, ukalifunika bandani, usiliguse kabisa mpaka nyumba iezekwe. Hapo hasara ni kwamba kutu haingoji, na gari lililofunikwa turubai kwenye unyevu hutokwa jasho likaoza zaidi kuliko lililo wazi upeponi. Banda la makuti lenye upepo ni bora. (Ndiyo, makuti yale yale utakayoyatoa chumbani. Nimeliona hilo.)

Nimefika kwa mumeo.

"Pesa zako, fanya utakavyo." Wewe umeyasikia maneno hayo kama mlango uliofungwa. Huenda ni hivyo. Lakini yeye ni mwanamume aliyelala na ndoo tatu chumbani, akijua bati litanunuliwa kwa pesa za mke wake. Sijui kama mtu kama huyo ana maneno mengine ya kusema pale bila kujiona mdogo. Kisheria na kidini amesema kweli, mali yako ni yako. Mliyoahidiana lakini ni ya wawili. Hukuniambia kama ulimweleza habari za tochi na kimkono, au ulimpa bei tu. Kwa namna ulivyoniandikia mimi, mtu usiyenijua, nahofu yeye alisikia "milioni mbili na nusu" na mimi nikasikia hadithi. Mpeleke akalione. Asiende kutoa idhini, aende tu kukushikia tochi wewe ukiwa chini. Anaweza akarudi akiwa na msimamo mkali zaidi, lakini angalau mtakuwa mnazungumza.

Mwanao ni neema, nawe uwe macho naye. Gari lisisimamishwe juu ya matofali ya saruji, hupasuka bila kutoa taarifa. Liwekwe kwenye magogo mazito au vigoda vya chuma, na asiingie mtu chini likiwa juu ya jeki peke yake. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo, huenda lina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Lilowesheni maji mlifute.

Juu ya nuksi sina la kusema, nyumba nyingi tunazolala ni za marehemu.

Kuhusu kaka yako ninalo. Unasema alikuwa mkali, na mtu hawi mkali kwa sababu ya gari bovu la jirani. Yeye pia ni mtoto wa fundi. Baba alipomwita mmoja aje na tochi, alikuiteni nyote, au wewe tu? Sijui, nauliza. Pengine anaona unanunua kitu ambacho yeye hakupewa nafasi ya kukipenda. Pengine kweli anaogopa utaliwa pesa. Ni watu wawili tofauti hao, na kila mmoja anataka kuendewa kwa namna yake.

Kisha kuna hili, nalisema taratibu. Gari lile halikuwa la baba yako. Lilikuwa la mzee. Kilichokuwa cha baba yako ni kazi, na zile dakika za jioni ukiwa umesimama nje. Sisemi kwamba gari haliwezi kukurudisha karibu na dakika hizo. Ninauliza tu kama ungelipata, likatembea, likakufikisha Chake Chake na kurudi, je, ndicho ulichokuwa ukikitafuta? Au unachokitaka ni kuwa mikono yako iwe na grisi? Kama ni hiyo grisi, una nafasi zaidi ya unavyodhani, hata kama Morris itakwenda kwa mtu mwingine. Kama ni Morris hii na si nyingine, hilo nalo ni jibu, usilionee haya. Watu hununua dhahabu kwa sababu dhaifu kuliko hizo.

Jambo moja umelitaja mwanzoni halafu ukaliacha. Sanduku la spana la baba. Nati za gari lile ni za inchi. Spana za milimita zilizojaa madukani leo hazikai sawasawa, hula pembe za nati zikawa duara. Spana zinazotakiwa, seti nzima, zilizozoea gari hilo hilo, bila shaka zimo ndani ya sanduku lile. Hukuniambia liko kwa nani. Nahisi liko kwa kaka yako.

Kabla ya mwisho wa mwezi, nenda ukaliombe. Mwambie unaliazima tu. Na kama atataka kuja nalo mwenyewe, mwache aje.